Jani la Saba na Mwezi Mtupu

Tangu Kuruvila arudi kutoka Uingereza na unajimu wake wa Kizungu, hakuna mtu pale Ottapalam, kusini mwa India, aliyewahi kusikia kwamba amekubaliana na Panikkar, mnajimu wa jadi. Ng'ombe wa mwalimu Sankunni alipopotea, Panikkar alisema yuko kusini, karibu na maji. Kuruvila akasema yuko mashariki, mahali palipoinuka. Ng'ombe alirudi mwenyewe kabla jua halijachwa, akitokea upande ambao hakuna aliyeutaja, na kila mmoja wa wale wazee akaapa kwamba mnyama alipitia kwanza kule alikosema yeye.

Kwa hiyo siku Divakaran alipoweka kikombe chake cha chai sakafuni na kumwambia dada yake, mbele ya kibaraza kilichojaa majirani wenye masikio mazuri, "Waulizwe wote wawili. Wakisema neno moja nitalifuata, liwe tamu liwe chungu. Wakipishana, Thankam, habari za huyo mpishi zife hapo," Thankam alijua amefungiwa mlango kisha akakabidhiwa ufunguo wa nyumba nyingine.

"Utafuata kweli?" akamuuliza.

"Naapa kwa taa ya marehemu mama."

Taa yenyewe ilikuwa inawaka pale pale, na majirani waliitazama kama shahidi mwenzao.

Thankam alikuwa mjane wa miaka hamsini na ushee, binti yake ameolewa huko Maskati, na nyumba yake haikuwahi kukaa kimya. Aliyegombana na mumewe alipita kwake, aliyepatana naye alipita kueleza walivyopatana. Appukuttan, mpishi wa karamu, naye alipita siku moja kuazima mbuzi ya kukunia nazi. Akairudisha. Akaja kuiazima tena. Mara ya tatu alikuja na mbuzi yake mwenyewe chini ya kwapa, akasema amekuja kuazima, na hapo kibaraza kizima kikaelewa.

Divakaran alikuwa na hoja zake. Appukuttan ni mdogo kwa dada yake kwa miaka minne. Ni mpishi, mtu wa kuingilia mlango wa nyuma kwenye harusi za wenzake. Na watu watasema. Hilo la watu watasema lilimchekesha Thankam, kwa sababu hao watu walikuwa kwake kila siku na walishamaliza kusema; sasa wanauliza watakula nini siku ya harusi. Lakini kwao mwanamke hukabidhiwa na kaka au mjomba, na wajomba wote walishakufa. Kuolewa bila Divakaran kusimama hekaluni kungekuwa kuolewa kwa kunyatia, na Thankam hakutaka kunyatia. Alitaka watu wakose pa kukaa.

Basi kesho yake akaenda kwa Aleyamma, mke wa Kuruvila, akamkuta uani anaparua samaki.

"Dada, huyo mumeo anaulizwaje mpaka aseme ndiyo?"

Aleyamma hakuinua macho. "Haulizwi. Anaviziwa."

"Nifundishe."

"Panikkar wenu unampelekea majani ya tambuu, sivyo? Kwa huyu wangu majani ni ya mbuzi. Yeye anatazama saa. Dakika ile swali likimwingia kichwani, ndiyo anayoitafuta mbinguni. Siyo dakika uliyouliza, dakika aliyoelewa. Na kuelewa kwake unakujua."

"Kwani mbingu ya Panikkar ni nyingine?"

"Ni ile ile, ila wameanza kuihesabu mahali tofauti. Panikkar anaanzia kwenye nyota zenyewe, hizi unazoziona. Wangu anaanzia pale jua linapolinganisha mchana na usiku, hata kama nyota zilishahama zamani. Wamepishana karibu burji nzima. Panikkar akisema Simba ndiye anayechomoza, huyu anasema Mashuke. Kama watu wawili wanaohesabu nyumba za mtaa mmoja, huyu kaanzia kanisani, yule kaanzia hekaluni, halafu wanagombana nyumba ya tano ni ya nani."

"Nami nataka wote waingie nyumba moja."

"Basi sikiliza." Aleyamma akashusha kisu. "Ijumaa Mwezi una miadi na Zuhura. Wanakutana saa tano hivi. Swali likimwingia kabla ya hapo, atalainika kama embe. Likimwingia baada ya hapo, Mwezi hauna miadi na mtu mpaka uhame burji. Mwezi mtupu, anauita. Na mwezi ukiwa mtupu, hata umuulize kama masika ya Juni yataleta mvua, atakwambia hakuna kitakachotokea."

"Wewe umeyajulia wapi yote haya?"

"Miaka thelathini kitanda kimoja, mwanamke. Wenzangu waume zao wanakoroma. Wangu anapiga hesabu."

Upande wa Panikkar, Thankam hakuhitaji mwalimu. Alimjua tangu utotoni. Muulizaji humletea fungu la majani ya tambuu, na Panikkar huyahesabu, asubuhi kutoka juu kwenda chini, alasiri kutoka chini kwenda juu. Majani kumi na mawili ya kwanza ni nyumba kumi na mbili za maisha ya muulizaji: la kwanza mwili wake, la pili mali yake, na kuendelea. Jani likiwa zima na lenye ncha, nyumba hiyo ni salama. Likiwa limenyauka, limechanika au limeliwa na mdudu, huko ndiko kwenye tabu. La saba ni ndoa.

Alfajiri ya Ijumaa alikuwa sokoni akichambua majani mpaka muuzaji akamuuliza kama anayaoa. Tambuu ilikuwa haba wiki ile. Alipata saba yasiyo na doa hata moja, na lile la saba lilikuwa pana, linang'aa, ungedhani limepakwa mafuta. Yaliyobaki yalikuwa hivi hivi, na moja lina tundu katikati. Akafikiri, akaliweka la nane. Nyumba ya nane ni ya vifo na mikosi. Nani asiye na tundu huko? Panikkar angeliona jani bovu mahali pa ubovu, asishuku kitu.

Akalifunga fungu kwa uzi wa mgomba, akaliweka kwenye sinia ya shaba kibarazani, pamoja na popoo na sarafu ya rupia, akaingia ndani kubadili sari.

Hapo kibarazani alikuwa ameketi Mama Mdogo Devu, mdogo wa marehemu mama yake, ambaye hakuwa na jino hata moja lakini tambuu alikuwa haiachi. Alikuwa na kinu chake kidogo cha chuma cha kuipondea. Aliona sinia. Aliona fungu. Akachomoa jani moja tu, la juu kabisa, kwa adabu, akalipaka chokaa, akalitia kinuni na kuanza kuponda.

Thankam aliporudi alikuta midomo ya mama mdogo myekundu. Alimwona kila siku na midomo myekundu. Hakuwaza lolote.

Saa nne watu walikuwa wameshakaa. Panikkar alikuja mapema na mkeka wake, mzee mwembamba, kifua wazi, majivu matakatifu kwenye paji la uso. Kuruvila alikuja na simu yenye kioo kilichopasuka na kalamu mbili. Walisalimiana kama wakwe walioshitakiana.

"Bado unahesabu mboga, Panikkar?"

"Bado unaziuliza saa za Wazungu ndoa za watu weusi, Kuruvila?"

"Nyota hazina rangi."

"Ndiyo maana huzioni."

Kibaraza kikacheka. Thankam akatazama saa ya ukutani. Muda ulikuwepo. Kilichokuwa hakipo ni Divakaran.

Alifika amechelewa, na mkewe Vilasini nyuma yake amebeba vitu vyote: mwavuli, mfuko, chupa ya maji ya mumewe. Divakaran alikuwa karani mstaafu wa reli, na kila alipofika mahali alipapanga upya. Kiti cha Panikkar kiangalie mashariki. Hapana, Panikkar hakai kitini, basi mkeka uangalie mashariki. Feni izimwe, inapeperusha karatasi. Feni iwashwe, watu wanatoka jasho. Chai imetoka wapi kabla ya swali? Vilasini akaambiwa akusanye vikombe, akakusanya. Halafu akaambiwa avirudishe.

"Kaka," Thankam akasema, na sauti yake ikaanza kukwaruza, "tuulize sasa. Bwana Kuruvila ana mambo yake."

"Haraka ya nini? Huyo mpishi kaacha sufuria jikoni?"

Thankam akanyanyua sinia, akapiga hatua kuelekea kwa Panikkar. Divakaran akamzuia kwa mkono.

"Lete hapa. Swali la familia huulizwa na mkubwa wa familia."

"Lakini jambo ni langu."

"Jambo ni lako, familia ni yangu."

Akalichukua lile fungu mikononi mwa dada yake, akainama, akamkabidhi Panikkar kwa mikono miwili. Panikkar akamtazama kidogo, kama mtu anayetaka kusema kitu, kisha akalipokea. Halafu Divakaran akamgeukia Kuruvila na kukohoa kihotuba. Akaeleza habari ya marehemu shemeji yake. Akaeleza habari za reli. Akaeleza watu wa siku hizi. Kuruvila, kalamu mkononi, alikuwa anaitikia kwa kichwa, kwa heshima, bila kuelewa anaulizwa nini, na Thankam alikuwa anaona mshale wa saa ya ukutani unavyoteleza kuelekea saa tano, unaifikia, unaipita.

"Kwa kifupi, Divakaran," Kuruvila akasema mwisho, "unataka kujua nini?"

"Nataka kujua kama ndoa hii inaweza kuzuiwa. Basi."

"Ah. Sasa nimeelewa." Kuruvila akatazama simu, akaandika dakika.

Aleyamma, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, akamwangalia Thankam na kufumba macho polepole, kama mtu aliyeona basi la mwisho limeondoka.

Wakangoja. Kuruvila alichora duara, akagawa vipande, akanong'ona na kalamu. Panikkar alifungua uzi, akaanza kuyalaza majani kwenye mkeka, moja moja. La kwanza, safi. La pili, safi. Thankam alikuwa bado na tumaini moja, akalishika kwa nguvu. La tano. La sita: pana, linang'aa, ungedhani limepakwa mafuta. Hapo si mahali pake.

Panikkar akalitoa la saba, akaliinua kwenye mwanga. Jua likapita katikati ya tundu, likatua kwenye goti lake kama sarafu.

Thankam akageuza shingo taratibu. Mama Mdogo Devu alikuwa anatafuna kwa ufizi, ametulia kama ng'ombe kivulini.

"Nani kwanza?" Divakaran akauliza.

"Mimi," akasema Kuruvila. "Mwezi mtupu. Haukutani na nyota yoyote mpaka uhame burji. Jambo lililoulizwa, hakuna kitakachotokea."

"Panikkar?"

Panikkar hakupenda kusema wa pili, na hakupenda zaidi alichokuwa anakiona. "Nyumba ya ndoa imetoboka," akasema. "Mdudu ameila kutoka ndani."

Kibaraza kikamgeukia Thankam. Kwanza kwa huruma. Halafu kwa mshangao, kwa sababu ilianza kuwaingia kwamba hawa wawili wamesema neno moja. Kuruvila alimtazama Panikkar. Panikkar alimtazama Kuruvila. Walifanana na wezi wawili waliokutana jikoni mwa mtu.

"Mmesikia?" Divakaran akasimama, akarekebisha nguo yake kiunoni. "Mimi sikusema kitu. Mbingu mbili zimesema. Nilisema nitafuata na nitafuata. Thankam, hili limekwisha."

Jirani mmoja akamshika Thankam bega. Yeye hakulia. Alikuwa anayatazama yale majani mkekani, ameikasirikia nafsi yake, ameukasirikia ufizi wa mama mdogo, na katikati ya hasira akakumbuka jinsi Panikkar alivyomtazama Divakaran kabla ya kupokea fungu. Miaka yote hiyo ya kusikiliza mambo ya watu kibarazani ilikuwa imemfundisha kitu kimoja: ukitaka kujua jambo ni la nani, tazama nani alilibeba.

"Panikkar, samahani," akasema kwa upole. "Hayo majani ni ya nani?"

"Ya aliyenikabidhi."

"Siyo ya aliyeyanunua?"

"Sokoni sijui. Mimi najua mikono iliyonipa."

"Kwa hiyo nyumba ya ndoa iliyotoboka ni ya nani?"

Panikkar akashusha pumzi. Alikuwa mtu mkweli, na alikuwa ametumaini hataulizwa. "Ya muulizaji. Siku zote ni ya muulizaji."

Vilasini, ambaye alikuwa amesimama na sinia ya vikombe, akaitua chini. "Endelea, Panikkar. Mdudu ameila kutoka ndani, ulisema."

"Vilasini, nyamaza," akasema Divakaran.

"Nimenyamaza miaka mingapi? Ndiyo maana mdudu kanenepa."

Kuna watu walicheka, kuna watu waliinamisha nyuso ndani ya vikombe vitupu. Divakaran akamgeukia Kuruvila kama mtu anayekimbilia kituo kingine cha polisi. "Wewe una njia nyingine. Njia ya kisomi. Waambie."

Kuruvila alijikuna kidevu kwa kalamu. Ilionekana wazi anatafuta pa kupishana na Panikkar, na ilionekana wazi hapaoni. "Kwa kweli, Divakaran, hata kwetu muulizaji ndiye nyumba ya kwanza. Duara hili ni lako."

"Na kaka aliuliza nini, Bwana Kuruvila?" Thankam akasema. "Sote tulisikia, lakini utamke wewe."

"Aliuliza kama ndoa inaweza kuzuiwa."

"Na Mwezi unasemaje?"

"Hakuna kitaka..." Kuruvila akaishia hapo. Tabasamu likaanza upande mmoja wa mdomo, likahamia wa pili. "Hakuna kitakachotokea. Kuzuia hakutatokea. Juhudi za muulizaji ni bure."

"Nilikuwa nauliza kwa niaba yake!" Divakaran akasema.

"Ulimnyang'anya majani mkononi," akasema Panikkar. "Macho yangu yaliona. Mtu hawezi kumnyang'anya mwenzake chakula kisha akasema amekula kwa niaba yake."

"Basi tuulize upya."

"Swali haliulizwi mara mbili," wakasema wale wazee wawili, kwa pamoja, kwa sauti moja, kisha kila mmoja akatazama upande wake kama aliyepiga chafya hekaluni.

Aleyamma alikuwa amejifunika uso kwa upande wa sari, mabega yanamtikisika.

Divakaran akakaa. Alikuwa mtu wa amri nyingi lakini hakuwa mwongo, na taa ya mama yake ilikuwa inawaka mbele yake. Akaitazama kwa muda. Hakuna aliyemsaidia.

"Kuna dawa?" akauliza, kwa sauti ndogo.

"Ya ndoa ya dada yako?"

"Ya hili tundu."

Panikkar akafikiri. "Kila Ijumaa umpeleke mkeo hekaluni, kwa miguu. Mwavuli ubebe wewe."

"Kwetu hakuna dawa," akasema Kuruvila, aliyefurahi kupata pa kutofautiana. "Kwetu mtu anaambiwa tu, anakwenda nayo."

"Mimi nachukua ya Panikkar," akasema Vilasini, akamnyooshea mumewe mwavuli. Divakaran akaupokea. Hakujua aushike vipi, akauweka magotini.

"Siku hiyo," akamwambia dada yake bila kumtazama, "nitasimama hekaluni. Niambieni tu nivae nini."

Hapo kibaraza kikaripuka, kila mtu anasema, kila mtu anadai alijua tangu asubuhi. Mama Mdogo Devu akauliza kwa nini watu wanapiga kelele, akaambiwa Thankam anaolewa, akasema ni habari njema na kama kuna tambuu nyingine.

Panikkar akakusanya majani yake polepole. Thankam alipopita, akamwita chini chini. "Mwanangu. Wewe mwenyewe hukuuliza. Lete majani yako kesho, nikutazamie. Bila malipo. Nijue mwisho wake."

Thankam akayaangalia yale majani mkononi mwa mzee, lile pana lenye kung'aa likiwa juu. Kwa kweli alitamani. Kisha akatikisa kichwa.

"Usinitazamie, Panikkar. Utakuja siku yenyewe, utaona kama watu wengine."

Appukuttan alikuwa upande wa pili wa barabara, ameegemea pikipiki yake mbele ya duka la fundi viatu, kwa sababu haikuwa adabu mtu anayeuliziwa kuwepo kwenye swali. Alikuwa amesikia kelele bila kujua ni za msiba au za harusi. Kwa mpishi wa karamu, zote mbili huanza vilevile. Alimwona Thankam anavuka barabara bila viatu.

"Wamesemaje?"

"Wamesema nyumba ya ndoa ya kaka imetoboka, na juhudi zake ni bure."

"Na sisi?"

"Sisi hakuna aliyetuulizia."

Appukuttan akalifikiria hilo. "Hiyo ni nzuri au mbaya?"

"Washa pikipiki," akasema Thankam, akapanda nyuma, mbele ya kibaraza kizima.